Ndege wa Majini Bila Kutoka Nairobi: Namna ya Kuwatazama, Kuwatambua na Kuwahesabu

Mwambie mtu wa Nairobi kwamba unataka kuona ndege wa majini, naye atakuelekeza Naivasha au Nakuru. Ukipiga hesabu ya mafuta na chakula cha njiani, safari itaahirishwa hadi mwezi ujao, na mwezi ujao una ada ya shule. Lakini ndani ya kaunti yetu kuna mabwawa, mito na madimbwi yanayotosha kumfunza mtu asiyejua bata na kibisi wanatofautianaje, hadi aweze kushiriki sensa ya ndege wa majini ya kila Januari. Mwongozo huu ni wake: hana gari, pengine hana darubini, na nafasi yake ni Jumamosi asubuhi, mara moja moja.

Utaratibu wangu una kanuni moja: anza na maji, ndege baadaye. Vitabu vingi humtaka mgeni akariri rangi, na rangi ndizo humchanganya, kwa sababu dume ana zake, jike zake, kinda zake. Tope, kina cha maji na matete havibadiliki ovyo, na kila ndege ana sehemu yake humo.

Kwanza, chagua maji yako

Asiye na gari nampeleka Karura. Msitu huu wa zaidi ya hekta 1,000 uko kati ya Limuru Road na Kiambu Road, na wengi tunaujua kwa sababu ya mapambano ya Wangari Maathai na wanyakuzi wa ardhi mwishoni mwa miaka ya 1990. Ndani yake mna Lily Lake, ziwa kwa jina tu: ni bwawa dogo unaloweza kulimaliza kwa macho ukiwa umeketi mahali pamoja, na kwa anayeanza hiyo ni faida. Matatu za Kiambu zitakushusha upande wa mashariki, na zile za kwenda Ruaka kupitia Limuru Road zitakushusha upande wa magharibi. Makutano ya njia ndani ya msitu yana vibao vyenye namba, kwa hiyo omba ramani langoni au uipige picha kwa simu, na uulize bwawa liko karibu na namba gani. Ukitoka bwawani, fuata mto kidogo. Kwenye vivuli ambako maji yanakimbia juu ya mawe huishi bata mweusi wa mitoni, ambaye hutamwona kwenye bwawa wazi.

Mkiwa watu wanne au watano mnaoweza kuchangiana gari, nendeni Mbuga ya Taifa ya Nairobi. Ilianzishwa mwaka 1946, ina ukubwa wa kilomita za mraba 117, na orodha ya ndege wake imevuka aina 400. Bwawa la kuanzia ni Hyena Dam, si mbali na lango kuu la Lang'ata Road. Athi Basin Dam, upande wa mashariki, ndilo kubwa kuliko yote mbugani, ila linahitaji mwendo na subira ya barabara za vumbi. Katika mabwawa haya hushuki garini. Hilo lisikusikitishe: ndege huliogopa gari kidogo sana kuliko wanavyomwogopa mtu anayetembea, na ukizima injini dirisha linakuwa kibanda kizuri cha kutazamia. Ukitaka kunyoosha miguu, shukia Hippo Pools kwenye Mto Mbagathi, ambako kuna njia ya miguu na askari wa wanyamapori wa kuandamana nawe. Usiende bila yeye, kwani kiboko na mamba hawajasoma mwongozo huu.

Halafu kuna Ruai, kwenye madimbwi makubwa ya kusafishia majitaka ya jiji. Najua harufu inavyosikika hata kabla hujafika. Lakini wazoefu wa ndege jijini watakwambia kwamba kwa wingi wa bata na ndege wa topeni, Ruai huishinda mbuga. Maji yake ni mapana na hayakauki, na yamejaa wadudu na viluwiluwi. Huingii pale kwa kujitokeza langoni. Unaomba ruhusa mapema kwa kampuni ya maji inayoyasimamia, na ni bora uende na kundi lililozoea.

Nairobi Dam, kati ya Lang'ata na Kibera, ilijengwa mwaka 1953, na kuna wazee wanaokumbuka mashua za tanga zikishindana pale. Leo gugumaji na tope vimelifunika. Ndege wapo bado, kwani vinamasi vichafu navyo hulisha, lakini kwa mgeni silipendekezi: kutembea ukingoni ni kukanyaga majitaka, na darubini shingoni huita macho ya watu.

Kokote uendako, hakikisha ada na njia ya malipo siku moja kabla. Malipo ya serikali siku hizi hufanywa kwa simu, viwango hubadilika, na kupanga foleni langoni huku jua linapanda ni kupoteza saa ile uliyoamkia. Maji ya kunywa yabebe kwenye chupa ya chuma au ya kudumu, maana chupa za plastiki za kutumia mara moja zilipigwa marufuku katika hifadhi zote nchini tangu Juni 2020.

Saa na msimu

Nairobi iko karibu kabisa na ikweta, kwa hiyo jua huchomoza karibu na saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima. Saa nzuri ni kuanzia saa moja hadi saa nne asubuhi. Baada ya hapo mwanga unagonga maji na kukurudia machoni, hewa inaanza kutetemeka juu ya tope, na ndege wengi wanapumzika. Kaa na jua mgongoni: asubuhi simama upande wa mashariki wa bwawa, jioni upande wa magharibi. Jambo dogo, lakini nusu ya watu nilioona wakilalamika kwamba ndege wote ni weusi walikuwa wamelielekea jua.

Kuhusu miezi, Oktoba hadi Aprili ndio wakati wa wageni. Vitwitwi na jamaa zao hutoroka baridi ya kaskazini mwa Ulaya na Siberia na kuja kula topeni kwetu. Wakati bora ndani ya msimu huo ni Januari na Februari, jua kali linapopunguza maji na kuacha ukanda wa tope kuzunguka bwawa. Mvua za masika zikianza Machi, tope linafunikwa na ndege wa topeni wanatawanyika. Lakini hapo ndipo matete yanapochangamka, kwera wanasuka viota na kweche madume wanavaa nyekundu yao. Julai kuna mawingu na baridi, ndege huchelewa kuanza kula, na wewe pia unaweza kuchelewa kitandani bila hasara kubwa. Vaa sweta ya rangi ya udongo au majani. Nyeupe na nyekundu ziache nyumbani.

Darubini

Ukipata pesa ya kununua, tafuta iliyoandikwa 8x42. Namba ya kwanza ni mara ngapi inakuza, ya pili ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita, nao ndio unaokuletea mwanga alfajiri. Wauzaji watakusukumia zenye namba kubwa, 20 au hata 30. Kataa. Kadiri inavyokuza zaidi ndivyo inavyotetemeka mkononi na kuona eneo dogo zaidi, na utakuwa bado unamtafuta ndege mwenzako ameshamwandika. Ya mtumba si mbaya. Itazame kwa macho yote mawili, uielekeze kwenye nguzo ya umeme ya mbali. Ukiona nguzo mbili, au kichwa kikianza kuuma, mrudishie mwenyewe.

Watu wengi hutumia darubini kwa miaka bila kuirekebisha ilingane na macho yao. Kunja bawaba ya katikati mpaka uone duara moja badala ya mawili. Mwenye miwani ashushe vikombe vya macho, asiye nayo avipandishe. Kisha ziba lenzi ya mbele ya kulia kwa kiganja, elekeza kwenye kibao chenye maandishi, na zungusha gurudumu la katikati hadi jicho la kushoto lisome vizuri. Sasa ziba ya kushoto, na bila kugusa gurudumu la katikati, zungusha pete iliyo kwenye kioo cha jicho la kulia hadi nalo lisome. Kumbuka pete imesimama wapi. Kuanzia hapo utagusa gurudumu la katikati tu.

Ukimwona ndege kwa macho matupu, usimwachie. Inua darubini hadi machoni huku bado unamtazama. Ukiinama kuitafuta kifuani, umeshampoteza.

Fika, kaa, nyamaza

Dakika kumi na tano za mwanzo usiandike kitu. Ndege wameshakuona tangu ulipokuwa njiani. Waliotorokea matete watarudi ukitulia. Keti chini kama unaweza, kwa sababu umbo la mtu aliyesimama kando ya maji ndilo linalowatisha. Koikoi, yule ndege mwenye shingo na miguu mirefu, akinyoosha shingo wima na kuacha kuwinda, amekushtukia. Bata wakianza kuogelea kuelekea katikati, wote kwa pamoja, umesogea mno. Rudi hatua kadhaa.

Tafadhali usicheze sauti za ndege kwenye simu ili waje. Unamwita dume apigane na adui asiyekuwepo, na akiwa na kiota anakiacha wazi. Kwenye nyasi fupi kando ya bwawa tazama unakokanyaga, maana ndege kadhaa wa ukingoni hutaga chini, mayai yakiwa na rangi ya kokoto.

Na mtu akija kuuliza unatazama nini, mpe darubini. Mlinzi wa lango aliyemwona mdiria, yule ndege mvuvi, kwa karibu mara moja atakuwa anakungoja wiki ijayo kukuambia alichokiona Jumanne.

Soma maji, kuanzia ukingoni hadi katikati

Hapa ndipo pa kutumia muda wako mwingi. Gawa bwawa katika mikanda, na kwa kila mkanda ujiulize: miguu mirefu kiasi gani, na mdomo wa kufanyia nini?

Ukingo mkavu na nyasi fupi. Kwarara hijani, yule anayewaamsha watu wa Kilimani na Lavington kwa makelele yake, huchomeka mdomo ardhini kutafuta minyoo. Bata bukini wa Misri, mwenye baka la kahawia jichoni, anakula majani hapa kisha anarudi majini. Usishangae kumwona juu ya mti, hutaga hata huko. Hapa pia yuko ndege mmoja mweusi, mweupe na kijivu, mwenye mlio wa tink, tink, tink mithili ya fundi anayegonga chuma kwenye fuawe. Akianza kugonga juu ya kichwa chako, kiota au makinda yako karibu, nawe ondoka. Ukiona korongo-taji wa kijivu, mwandike kwa uangalifu pamoja na idadi: tangu mwaka 2012 yumo katika kundi la ndege walio hatarini kutoweka duniani.

Tope tupu. Hapa ndipo wanaoanza hukata tamaa, kwa sababu wote ni wadogo na wote ni wa kahawia. Sahau rangi, tazama mwendo. Anayetikisa mkia juu chini bila kupumzika, na ana kipande cheupe kinachopanda mbele ya bega, ni kitwitwi wa kawaida. Mwenye miguu mirefu kidogo, mgongo wa madoadoa na mstari mweupe juu ya jicho ni kitwitwi wa aina nyingine, na mara nyingi atakuwa na wenzake. Yule anayekimbia, anasimama ghafla, anakimbia tena, mwenye pete nyekundu jichoni na mikanda miwili myeusi kifuani, si mgeni. Yupo mwaka mzima. Ukiweza kuwatenga hao watatu umefanya kazi ya kutosha kwa siku.

Maji ya kifundo hadi goti. Mkanda wa wawindaji wenye miguu mirefu, na kila mmoja ana mbinu yake. Yangeyange mdogo ana miguu myeusi na vidole vya njano. Hutikisa mguu mmoja majini, samaki wanashtuka, anawadaka. Koikoi husimama tu. Domomwiko hutembea akipeleka mdomo kushoto kulia ndani ya maji, hatazami, anahisi kwa ncha yake pana. Korongo domo-njano naye hutumbukiza mdomo ukiwa wazi kidogo, anakoroga tope kwa mguu, na kinachogusa mdomo kinabanwa papo hapo. Tazama pia ndege mwembamba mweusi na mweupe mwenye miguu myekundu mirefu isiyolingana na mwili. Ataingia hadi maji yaguse tumbo, mahali ambapo kitwitwi angeelea.

Matete na majani yanayoelea. Kukuziwa hapitwi na wengi kwa mlio, lakini hujitokeza kwa sekunde chache. Juu ya majani mapana hutembea sile-maua, mwenye vidole virefu ajabu vinavyogawanya uzito wake asizame. Kwake dume ndiye anayeatamia mayai na kulea makinda. Kwenye tawi linaloinamia maji mtafute mdiria mdogo wa buluu na chungwa. Yule mkubwa, mweusi na mweupe, huning'inia hewani akipiga mabawa mahali pamoja kabla ya kujitupa: mikanda miwili kifuani ni dume, mmoja uliokatika ni jike.

Maji ya kina. Bata, wanandi na vibisi. Kibisi mdogo ni mviringo na mfupi wa nyuma, na huzama ghafla ukiwa unamtazama. Wengi humwandika kuwa kinda la bata. Mnandi huogelea mwili ukiwa chini chini, kisha hupanda kisiki na kufungua mabawa yakauke. Kwa bata, tazama mdomo kwanza: bata domo-njano hujitambulisha mwenyewe, na kule Ruai tafuta dume wa rangi ya kutu mwenye mdomo wa buluu na mkia mgumu anaousimamisha.

Na miti iliyokauka, usiisahau. Furukombe, tai mla samaki, hukaa juu akiita kichwa kikiwa nyuma. Rundo kubwa la vijiti kwenye panda ya mti, pengine mita moja na nusu, ni nyumba ya fundichuma, ndege wa kahawia mwenye kichwa kama nyundo, si yule wa mlio wa fuawe. Msiogope, hayo ya kwamba anayebomoa kiota chake hupatwa na mkosi yamemsaidia kuishi salama, na mimi siyapingi.

Kuhesabu

Mara nyingi kuhesabu hufundisha zaidi ya kutambua, kwa sababu kunakulazimisha umtazame kila ndege. Pita na darubini kutoka kushoto kwenda kulia ukihesabu aina moja tu, kisha rudi na aina ya pili. Anza na walio tayari kuruka. Kundi likiwa kubwa, hesabu kumi wa kwanza mmoja mmoja, ona kumi hao wanachukua nafasi gani, kisha upime kundi lote kwa kumi kumi. Wanaozama, kama vibisi, wahesabu mara mbili au tatu na uchukue namba kubwa kuliko zote. Usiandike "wengi". Andika 40 hata kama ungeapa ni kati ya 35 na 45.

Daftari dogo na penseli vinatosha. Wino hukimbia mvua ikikupata. Juu ya ukurasa weka tarehe, saa ya kuanza na kumaliza, hali ya hewa, na kiasi cha maji: tope liko wazi au limefunikwa? Usiyemtambua mwandike alivyo: ukubwa ukilinganisha na ndege unayemjua, urefu wa mguu, mdomo, alikuwa anafanya nini na kwenye mkanda upi. Picha ya simu kupitia kioo cha darubini haipendezi, lakini mara nyingi humtosha mjuzi.

Orodha yako iende wapi

Usiifungie kwenye daftari. Kenya Bird Map hukusanya orodha za watu wa kawaida kama wewe. Nchi imegawanywa katika miraba yenye upande wa dakika tano za latitudo na longitudo, takriban kilomita tisa kwa tisa, na orodha kamili inataka utafute ndege kwa angalau saa mbili ndani ya mraba mmoja, ukiandika kila aina kwa mpangilio ulivyowaona. Programu ya BirdLasser kwenye simu hurekodi mahali na saa yenyewe, kwa hiyo hutahangaika na ramani.

Ukitaka walimu, kundi la Nature Kenya, shirika la wapenda mazingira, hukutana Makumbusho ya Taifa, Museum Hill, kila Jumatano asubuhi kwa matembezi ya ndege, desturi iliyoanza miaka ya 1970. Asiye mwanachama pia hupokelewa. Keti gari moja na mzee yeyote wa pale, uulize maswali ya kijinga kadiri uwezavyo, hawachoki. Anayefanya kazi katikati ya wiki aulizie ratiba yao ya Jumapili.

Na kila Januari hufanyika sensa ya ndege wa majini, ambayo Kenya imeshiriki tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990. Wanaohesabu ni watu wa kujitolea wakiongozwa na wataalamu wa Makumbusho na wenzao, na mabwawa ya Nairobi yamo pamoja na maziwa ya Bonde la Ufa. Jiandikishe Novemba au mapema Desemba, kabla watu hawajasafiri mashambani kwa Krismasi. Siku yenyewe utapewa kazi ya mwandishi kwanza: mwenye darubini anataja aina na namba, wewe unaandika na kurudia kwa sauti ili asahihishe. Beba penseli mbili, kofia, na chakula chako mwenyewe.